Hawakumpeleka Saluni

Kila watu wawili wa kwenye filamu walipoanza kusogezeana midomo, Mkalimani aliinuka, akakunjua kanga yake na kuitandaza mbele ya picha. Pazia letu lilikuwa shuka jeupe la kitanda tulilolibana ukutani, na projekta ilikuwa nyuma yetu juu ya meza. Sasa wewe fikiri. Ukisimamisha kanga kwenye mwanga wa projekta, busu haliendi popote, linahamia kwenye kanga. Basi tukawa tunawatazama Wazungu wawili wakibusiana kwa raha zao juu ya maandishi ya "Yarabi tustiri", na yeye, kajificha nyuma ya kanga haoni kitu, anatutangazia taratibu: "Hapa wanaagana. Wanaagana. Bado wanaagana."

Hakuna aliyemwambia. Chumba kizima cha wanawake watu wazima, wenye wajukuu, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwambia kwamba alikuwa akituongezea utamu.

Tulimwita Mkalimani, nami nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa Mzanzibari mfupi, mwenye miwani minene na sauti ya mtu mrefu. Kwa mshahara alipika kwenye jiko la shule moja. Kwa thawabu aliwasindikiza watu hospitali, kwa mawakili, kwa walimu wa watoto wao, popote pale ambapo Kiswahili kilifika mlangoni kikakwama. Ukishuka basi Coventry Road, kule Birmingham, ukauliza kwa Kiswahili tu, hata Msomali muuza mchele alikuonyesha nyumba yake. Mimi nilikuwa jirani, mlango wa tatu. Natoka Tanga, nilikuwa nafua mashuka ya hospitali, na Mungu katika kunigawia mambo alinisahau kwenye subira. Nitajitahidi.

Filamu zilikuwa Jumamosi, kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la vitambaa. Mwenye duka alikuwa mama wa Kisingasinga aliyezaliwa Kisumu, mwenye Kiswahili cha sokoni kisicho na haya, na alitupa chumba kwa sharti moja: kiti cha mbele katikati ni chake mpaka kufa. Filamu Mkalimani aliziazima maktaba. Wengi wetu Kiingereza kilikuwa cha kununulia vitunguu tu, kwa hiyo yeye alisimama kando ya shuka na fimbo mkononi kama mwalimu wa darasa la kwanza, akatusimulia kila kinachosemwa. Filamu ikiwa ya lugha nyingine, alisoma yale maandishi ya Kiingereza yanayopita chini, upesi kuliko mtangazaji wa mpira.

Kiangazi tulimaliza filamu na muda wa kubishana ukabaki. Lakini baridi ikiingia, Birmingham jua linazama hujamaliza chai. Tulianza saa nane mchana baada ya Alasiri, na kabla ya saa kumi ilikuwa Magharibi. Hapo alizima projekta papo hapo, hata kama kuna mtu ananing'inia dirishani kwa vidole viwili. Tukilia, alisema, "Atakuwepo Jumamosi ijayo. Haanguki huyo mpaka niwashe."

Na kweli hakuanguka. Kwenye filamu za Mkalimani hakuna mtu aliyekufa. Askari kapigwa risasi ya kifua, damu tunaiona, yeye anasema, "Kazimia, gari la wagonjwa limeshaitwa." Siku moja wanaume sita walibeba jeneza, padri mbele, mjane nyuma kajifunika leso nyeusi, na Mkalimani bila hata kukohoa akasema, "Wanahamisha kabati."

Mama wa Kisingasinga akanikanyaga mguu. "Kabati gani hii napelekwa kanisa?" akaninong'oneza.

"Nyamaza," nikamwambia. "Labda ndani mna vyombo."

Nilimwuliza Mkalimani siku moja tukikunja shuka. Nilisema, "Bi, wewe uongo huuogopi?"

"Uongo upi?"

"Lile kabati."

Akanitazama juu ya miwani. "Hawa wanawake wameshaona misiba ya bure ya kuwatosha. Waje hapa kwangu kuongezewa?" Halafu akasema neno alilolisema mara nyingi, mpaka wengine tukalikariri: "Jambo la mtu la aibu ni mwili wake, mwanangu. Ukimkuta nalo, mfunike."

Na hivyo ndivyo alivyokalimani pia. Alitusimulia mwenyewe huku akicheka habari za mzee mmoja wa Kipemba aliyempeleka kwa daktari. Mzee tumbo lilimfunga siku tano, akaambiwa asubiri wiki mbili zaidi apigwe picha. Mzee akamgeukia daktari akamwita mbwa, mtoto wa mbwa, na babu yake vilevile. Daktari akauliza, mzee anasemaje? Mkalimani akajibu kwamba mzee anashukuru sana na anawasalimia nyumbani. Tulicheka mpaka chai ikatutoka puani. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini nani siku ile alikuwa na habari na wahenga?

Ajabu ni kwamba kwenye mambo madogo alikuwa mkweli wa kuudhi. Alikwenda harusini, akala wali wa watu, akaenda jikoni kumwambia mpishi kwamba wali umeungua na asimwambie mtu kuwa ni moshi. Mimi niliwahi kukwepa harusi ya jirani nikasema naumwa. Alinikuta sokoni nachagua bamia. Alinishika mkono kama mtoto, akanipeleka mpaka mlangoni kwa bibi harusi nikaseme kwamba sikuwa naumwa, nilikuwa sina nguo. Niliona haya kiasi cha kutamani ardhi ipasuke. Kwake yeye uongo wa kujiokoa ulikuwa dhambi. Uongo wa kumwokoa mwenzio ulikuwa adabu, na mpaka kati ya hizo mbili aliujua yeye peke yake.

Sasa nimlete Mama Neema.

Alikuwa Mkongo wa Bukavu, amepanga chumba cha juu nyumbani kwangu, yeye na bintiye Neema. Neema alikuwa na miaka kumi na miwili, Kiswahili chote anakisikia lakini anakujibu kwa Kiingereza cha Birmingham, kile cha puani. Mama mtu alikuwa kimya. Si kimya cha kiburi. Kimya cha mtu anayesikiliza kama kuna hatua ngazini. Tabia yake moja ilinichosha: jikoni hakutaka mlango ufungwe. Nikikaanga samaki nikaufunga harufu isipande juu, yeye anashuka, anaufungua, anaondoka. Nafunga, anafungua. Siku ya tatu nikamtolea maneno ambayo leo sitaki kuyarudia. Aliufungua mlango, akapanda zake juu.

Mama Neema aliomba hifadhi Uingereza, na Mkalimani ndiye aliyempeleka kwa wakili na kumtafsiria maelezo yake yote. Barua ikarudi: ombi limekataliwa. Nilimwita Mkalimani aje atusomee. Barua ilisema kwamba mwombaji amekiri mwenyewe kuwa aliwapikia wapiganaji walioteka mji wake, kwa miezi mingi, wala hakueleza mahali popote kuwa alilazimishwa. Kwa hiyo alikuwa mtu wao, na hana cha kuogopa akirudi. Alikuwa na haki ya kukata rufaa, na wakili akapata tarehe ya mahakama wiki nne mbele. Akishindwa pale, yeye na Neema ni uwanja wa ndege.

Mimi nilipiga kelele, nikawalaani wote waliokaa maofisini na majina yao nisiyoyajua. Mama Neema alitazama chini tu. Mkalimani aliisoma ile barua mara ya pili, peke yake, kimoyomoyo. Halafu akaikunja vizuri sana, akasema anaumwa kichwa, akaenda kwake.

Jumamosi zile ndipo nilipomvuta Mama Neema aje kwenye filamu, angalau akili ipumzike. Na filamu yenyewe ilikuja kwa kosa ambalo angelifanya Mkalimani peke yake. Kule maktaba aliona kasha lenye picha ya mwanamke kashika mkate mrefu, mikono imejaa unga. Mpishi wa shule yule! Akajua ni mafunzo ya kuoka. Alituambia tuje na kalamu, mama wa Kisingasinga akaja na daftari kabisa.

Kumbe ilikuwa ya vita, tena ya Kifaransa. Mji mdogo wa Ufaransa, Wajerumani wa Hitler wameuteka, bendera zao zimening'inia kila dirisha. Kuna mjane mwenye duka la mikate. Ofisa wa Kijerumani anahamia ghorofani kwake bila hodi, na askari anasimama karibu na tanuri mchana kutwa, bunduki mkononi, mjane awaokee kikosi kizima. Na chini ya ghala la unga huyo mjane amewaficha majirani zake wawili, mume na mke, Mayahudi, anawalisha makombo. Nyinyi mnaielewa mara moja nikiwaambia hivi. Sisi tuliipata kwa mdomo wa Mkalimani. Ofisa akawa "mpangaji wa juu, mtu wa heshima, anapenda mkate wa moto." Askari akawa "kijana anayelinda duka." Bunduki akashindwa kuifanyia kitu, akasema, "Hiyo anatembea nayo tu."

Mama Neema alikaa nyuma karibu na mlango, mlango wazi. Nilipogeuka kuchukua sambusa nikaona midomo yake inacheza. Hakuwa akimsikiliza Mkalimani hata kidogo. Alikuwa akiwafuatisha wale wa kwenye shuka. Sikuona ajabu, mtu wa Bukavu Kifaransa kakisomea shule. Nikala sambusa yangu.

Tulikata pale ambapo Wajerumani wamefukuzwa, kengele zinalia, watu wa mji wanacheza barabarani, halafu kundi zima linageuka na kwenda kugonga kwa nguvu mlango wa duka la mikate. Tukapiga ukelele. Mkalimani akazima. "Swala haimsubiri Mjerumani wala Mfaransa," akasema.

Wiki nzima Coventry Road haikuwa na mazungumzo mengine. Mama wa Kisingasinga aliapa wanakwenda kumshukuru. Mimi nilisema wana njaa, wanataka mikate. Mama Neema nilimsikia juu akitembea, kona hii mpaka ile. Jumatano alishuka jikoni, akasimama kwenye ule mlango wake.

"Mama," akaniambia, "bale batu ya ule muji, balijua kama kulikuwa bunduki?"

"Mimi nitajuaje?" nikamjibu, nikaendelea kusuuza vikombe. Natamani hata leo ningezima bomba, nikageuka.

Jumamosi ikafika, chumba kikajaa mpaka watu wakakalia majora ya vitambaa. Mkalimani akawasha. Hawakwenda kumshukuru. Walimtoa yule mwanamke nje kwa kumburura, wakamkalisha kwenye kiti katikati ya uwanja, wakamwita kahaba wa Wajerumani, aliyewalisha adui wao wakilala njaa. Mwanamume mmoja akatoa mkasi mkubwa, akaanza kumkata nywele, mafungu mafungu, na watu wakashangilia.

Fimbo ya Mkalimani ilisita hewani. Halafu akasema, "Wamempeleka saluni. Wanampunguza nywele, si mnajua unga unavyoingia kichwani."

Watu walicheka. Mimi nilicheka.

Yule mwanamke wa kwenye shuka akainua uso, kichwa nusu upara, akatutazama sisi na kuanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, hakulia.

"Anasema," Mkalimani akatafsiri, "poleni kwa usumbufu. Kila mtu nimemsamehe."

"Non!"

Tuligeuka wote. Mama Neema alikuwa amesimama, kashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

"Hapana, Mama. Hapana! Hasemi vile. Hasemi pole. Anasema: nilichoma ile mikate na bunduki kwa shingo. Kila mukate! Hakuna mutu aliniuliza. Banakata nywele yangu, lakini hakuna hata moja aliniuliza. Muniulize sasa. Muniulize, nitasema!"

Mwanamke wa kwenye shuka akanyamaza. Mama Neema hakunyamaza.

"Balifunga mulango ya jiko. Na kufuli, inje. Miezi saba. Neema alikuwa mu mugongo yangu, mutoto kidogo. Chakula ikichelewa, banaweka bunduki kwa kichwa ya mutoto, banahesabu. Mimi nilipika. Ndiyo, nilipika! Na batu ya kwetu balisema mi niko muke ya basoda, ya bale benye bunduki."

Hapo hata mjinga angejua kwamba tumeshatoka Ufaransa. Filamu iliendelea peke yake, hakuna aliyeitazama. Mimi nilikuwa nauona mlango wa jikoni kwangu, ninavyoufunga, na yeye anavyoufungua.

Mkalimani aliweka fimbo chini. Alivua kanga begani, akaja kati ya viti, nami nikadhani, haya, anakwenda kumfunika. Nilikuwa tayari kumrukia, wallahi. Lakini kanga ile aliipangusia macho yake mwenyewe, chini ya miwani. Akasema, "Endelea, mwanangu. Leo tunakusikiliza." Magharibi ikaingia, tukaisikia kwenye saa yake ya adhana mfukoni, akaibonyeza ikanyamaza. Alisali baadaye, kwa kuchelewa. Sijawahi kumwona akichelewa tena.

Watu walipoondoka tukabaki watatu juu ya ngazi.

"Yote haya ulinambia kwa wakili," Mkalimani akamwambia Mama Neema. "Kufuli ulinambia. Mtoto ulinambia. Nami nikamgeukia yule kijana nikamwambia kwamba uliwapikia, basi."

Mama Neema akamtazama. Hakuwa anajua. Kiingereza chake kilikuwa hakifiki huko.

"Kwa nini?" mimi ndiye niliyeuliza, tena si kwa upole.

"Yule wakili ni kijana mdogo, sawa na kitindamimba wangu. Nikasema, mambo haya huyasemi mbele ya mwanao. Nikasema, mwanamke mwenzangu nimsitiri." Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa ikiwa na ukungu ule ule. "Nimemfunika mpaka amekosa pumzi."

"Wewe ndiye uliyemponza!" nikasema. Nilisema mbele ya mtu aliyenizidi miaka thelathini, na sikuomba radhi mpaka mwezi uliofuata.

"Ni mimi," akajibu. Mtu aliyewatafutia udhuru maiti wote wa Ulaya hakujitafutia udhuru hata mmoja.

Jumatatu asubuhi tulikuwa kwa wakili, na mahakama ilikuwa imebaki siku tisa. Mkalimani alimwambia kijana yule, kwa Kiingereza safi, kwamba maelezo yaliyomo kwenye faili yana upungufu na mwenye kuyapunguza ni yeye. Halafu Mkalimani akaomba jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasisimka. Aliomba kiti chake kigeuzwe kitazame ukuta. "Macho yako yatanifanya nipunguze tena," akamwambia kijana. Basi akakaa hivyo, mgongo kwetu, pua karibu iguse rangi ya ukuta. Mama Neema akasema sentensi moja, naye akaitoa nzima kwa Kiingereza, kila neno, yale ya kawaida na yale ambayo nilijua hajawahi kuyatamka maishani mwake kwa lugha yoyote. Sauti ilimkatika mara mbili. Hakuruka. Tulitoka pale jioni na kurasa nyingine kabisa.

Mahakamani wana mkalimani wao wa kuajiriwa, kwa hiyo wetu aliingia kama shahidi. Chumba kidogo, jaji mwanamke mwenye mafua, na bwana mmoja wa upande wa serikali mwenye faili nene. Mama Neema alipoitwa, kabla ya kitu chochote, aliomba mlango uachwe wazi. Jaji akauliza sababu. Mama Neema akamweleza sababu, na hiyo sababu ndiyo ilikuwa kesi yenyewe. Mlango ukaachwa wazi asubuhi nzima, upepo wa ukumbini ukitupiga miguu, na jaji na mafua yake hakulalamika.

Halafu ikawa zamu ya Mkalimani. Bwana wa faili hakumwonea huruma.

"Kwa hiyo mara ya kwanza ulidanganya?"

"Nilipunguza."

"Ulidanganya?"

Nyuma yetu walikaa wanawake watano wa Jumamosi, watu aliowatafsiria wao na watoto wao, na kila mmoja hapo lazima alikuwa akijiuliza, na mimi je, alinipunguzia nini? Jina lake lote katika mji ule lilikuwa ni huko kuaminiwa.

"Nilidanganya," akasema. "Kwa adabu."

"Basi leo tukuamini kwa lipi?"

"Bwana," Mkalimani akamjibu, kanyooka na ufupi wake wote, "mwongo hujitetea. Mimi nimekuja kujishtaki."

Jaji aliacha kupenga kamasi, akaandika kitu. Sijui aliandika nini, ila aliandika kwa muda.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu, Jumamosi, mimi niko sebuleni natafuta viatu. Neema aliifungua ngazini. Alisoma mistari miwili, akaanza kuruka, ngazi zote zikatikisika. "We won, Mum! We won!" Mama Neema alikaa pale pale kwenye ngazi, akajishika kichwa kwa mikono miwili, akasema "Mungu wangu, Mungu wangu" mpaka sauti ikaisha. Mimi nikatoka nje na ndala moja nikipiga vigelegele. Mama wa Kisingasinga akavipokea kutoka dirishani kwake, ingawa vyake vilitoka kama filimbi ya refa. Msomali akaja mbio na mchele mkononi akiuliza nani kajifungua. Na Mkalimani akatokea mlango wa tatu, kavaa aproni ya shule, akasimama barabarani, akainua mikono yote miwili juu. Basi lilimpigia honi, hakusogea. Ushindi ule ulikuwa wa Mama Neema, lakini kwa uso ule niliouona, na yeye siku ile aliachiliwa.

Jioni Mama Neema alituambia atapika yeye. Alisonga ugali, akapika sombe, kisamvu cha kwao, na samaki. Harufu ikaanza kupanda ngazini. Nilikuwa sebuleni na Mkalimani, tukasikiliza. Mama Neema alikuja mpaka mlangoni mwa jikoni, akatutazama, akaufunga kwa mkono wake mwenyewe. Tulimsikia ndani anaimba.

Baada ya hapo Mkalimani alibadilika, na si wote waliofurahi. Kwenye filamu zake watu wakaanza kufa. Walikufa kwa wingi! Wanawake wakalalamika, "Mkalimani, mbona siku hizi unaua sana?" Naye akajibu, "Siui mimi, nawasomea tu." Alimrudia hata yule daktari na kumweleza kwamba mzee wa Kipemba hakumsalimia nyumbani, alimwita mbwa na babu yake vilevile. Alituambia daktari alicheka, akauliza tumbo la mzee linaendeleaje. Ila kanga ya mabusu haikuondoka. "Ukweli ni ukweli," alisema, "lakini hakuna aliyefuta adabu." Tukaendelea kuwatazama wakiagana juu ya "Yarabi tustiri".

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni miaka minne baadaye. Mimi nilikuwa nimehamia Selly Oak, kati ya wanafunzi na makelele yao, naye alikuwa kapewa nyumba ya baraza la jiji kule Shard End, ya chini, isiyo na ngazi, kwa sababu macho yalikuwa yamemwishia. Alikuwa anaona mwanga na vivuli, basi. Nilikwenda Jumamosi moja na kilo ya bamia. Nikabisha hodi, aliyenifungulia ni Mama Neema.

"Karibu, Mama. Ingia upesi, filamu imeanza."

Kumbe alikuwa akija kila Jumamosi, mabasi mawili kwenda, mawili kurudi. Mkalimani alikaa mbele ya televisheni, miwani usoni kwa mazoea tu. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba na kuniuliza kama zile bamia nilizomwambia nimeleta ni changa au ni kuni. Kwenye televisheni nikauona mji mdogo, bendera madirishani, mwanamke na mikono ya unga. Na aliyesimama kando na kusimulia alikuwa Mama Neema, kwa Kiswahili chake cha Bukavu, wala hakuhitaji maandishi ya chini.

Kengele zikalia. Kundi likagonga mlango wa duka.

"Wako wapi sasa?" Mkalimani akauliza.

"Banamutoa inje. Banamuweka kwa kiti."

"Wanamfanya nini?"

Mama Neema akanitazama, akanikonyeza. "Banamupeleka saluni," akasema.

Mkalimani akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia miguuni, mpaka miwani ikamwangukia mapajani, na Mama Neema akaja kumwegemea begani akicheka vilevile, wote wawili wanalia machozi, mimi nimesimama na bamia zangu nacheka kama mwendawazimu.

"Mwongo mkubwa wewe!" Mkalimani akasema alipopata pumzi. "Haya, niambie kweli."

Mama Neema alivuta kiti, akakaa karibu naye, akamwambia yote: mkasi, nywele, watu wanaoshangilia, bunduki kwenye shingo, kila mkate. Na Mkalimani, kafumba macho, akawa anayarudia kwa Kiswahili chake cha Unguja, neno baada ya neno, bila kupunguza hata moja.